Sakafu Inayovuja: Lugha ya Nyumba na Mwongozo kwa Wanafunzi wa Usanifu Majengo Wanaopima Tembe za Tabora

Ikisiri

Makala haya yanaeleza msaada anaouhitaji mwanafunzi wa shahada ya usanifu majengo anayekwenda Tabora kupima na kuchora tembe, yaani nyumba za udongo zenye paa bapa zilizojengwa katika njia ya kale ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Hoja kuu ni kwamba msaada unaotolewa na vyuo na taasisi za umma humfikisha mwanafunzi hadi mlangoni mwa nyumba anayoitafiti, lakini haumwingizi ndani, kwa kuwa nyumba ile inaelezwa kwa Kiswahili ambacho hakufundishwa. Mtafiti si msanifu majengo. Anachunguza istilahi za ujenzi katika Kiswahili, na ndani ya shughuli hiyo alijikuta mara kadhaa akiwa mkalimani wa wanafunzi wa usanifu. Makala yanatumia maelezo ya mafundi na wenye nyumba, maana za maneno katika kamusi za Kiswahili, maandishi ya karne ya 19 kuhusu Unyanyembe, na makosa ya mtafiti mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu wa usanifu majengo, ambaye chuo chake hakitatajwa hapa, alikaa Tabora majuma matatu akipima nyumba ya udongo ya familia moja. Alikuwa na kifaa cha kupimia kwa mwanga, kompyuta, barua zote zinazotakiwa, na bidii isiyo na shaka. Mwenye nyumba, bibi wa umri mkubwa aliyezaliwa na kukulia papo hapo mjini, alimweleza tatizo la nyumba yake kwa maneno mawili: sakafu inavuja. Mwanafunzi aliyaandika maneno hayo katika daftari, akayatafsiri kwa Kiingereza, na juu yake akajenga sura nzima ya kazi yake. Alieleza unyevu unaopanda kutoka ardhini, akachora namna unavyopenya ukutani, kisha akapendekeza chini ya vyumba vyote pachimbuliwe, patandikwe karatasi ya nailoni na kumwagwa zege.

Aliponipa rasimu niisome, nilisahihisha tahajia ya maneno ya Kiswahili, nikampongeza, nikamrudishia. Sikuona kosa lolote. Siku nne baadaye nilikuwa nimekaa na bibi yule barazani kwa shughuli zangu mwenyewe, naye akasema tena kwamba sakafu inavuja, safari hii akinyoosha kidole juu.

Neno sakafu limetokana na neno la Kiarabu linalomaanisha paa au dari. Katika nyumba za mawe za pwani, uso bapa wa juu wa nyumba, uliotandazwa kokoto na chokaa kisha ukapondwa mpaka ukashikamana, uliitwa sakafu, na uso wa chini wa chumba uliotengenezwa kwa namna ileile uliitwa sakafu vilevile. Kamusi za zamani za Kiswahili zinatoa maana zote mbili. Kiswahili cha shuleni kimebakiza ile ya chini peke yake. Bibi wa Tabora, ambaye Kiswahili chake kilipanda bara pamoja na misafara, hakuwa amepoteza yoyote kati ya hizo. Mwanafunzi alibakiwa na siku sita za kuandika sura upya. Kama kazi ile ingekwenda kwa watahini ilivyokuwa, ingesomeka vizuri na ingekuwa si ya kweli. Na kama mtu angeitumia kukarabati nyumba, wakazi wangechimbiwa vyumba vyao ilhali mvua inaendelea kuingia kwa juu.

Kisa hicho ndicho kilichozaa makala haya.

2.0 Msaada Uliopo na Pale Unapokomea

Si kweli kwamba mwanafunzi wa usanifu majengo nchini Tanzania hasaidiwi. Chuo Kikuu Ardhi, kilichoanza mwaka 1956 kama shule ya upimaji, kikawa Chuo cha Ardhi mwaka 1972, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na hatimaye chuo kikuu kamili mwaka 2007, kinafundisha usanifu majengo kwa miaka mitano. Ndani ya miaka hiyo mwanafunzi ana msimamizi wa studio, ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na vipindi vya mafunzo kwa vitendo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, inatambua kwamba fani kama hii ina gharama zake, na hivyo mikopo yake ina mafungu ya mahitaji maalumu ya kitivo na ya mafunzo kwa vitendo mbali na ada, chakula na malazi. Mhitimu naye hujikuta mikononi mwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ambayo inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2010.

Mfumo huo unastahili heshima yake. Hata hivyo, umejengwa kwa kumfikiria mwanafunzi anayekwenda kwenye ofisi ya usanifu au eneo la ujenzi wa zege, mahali ambapo ramani zipo tayari na anayemwelekeza ni mtaalamu mwenzake. Mwanafunzi anayekwenda Kwihara au katika mitaa ya zamani ya Tabora hakuti ramani, na anayemwelekeza ni fundi ambaye pengine hajawahi kuchora mstari kwenye karatasi. Tofauti na Zanzibar inaonekana hapo. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985, ulifanyiwa mpango wa kina wa uhifadhi uliochapishwa mwaka 1996, na uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Anayepima nyumba ya Mji Mkongwe anaanzia juu ya kazi za watu wengine. Njia ya misafara ya bara iliwekwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ikiwa na vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, na anayepima tembe huko huanza na karatasi tupu.

Jambo la pili ni lugha. Usanifu majengo hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia siku ya kwanza ya studio hadi utetezi wa tasinifu. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa Kiingereza kila kipande cha paa husema kwa Kiswahili “ile miti ya juu”. Fundi humsikia, hutambua mara moja kuwa anaongea na mtu asiyejua nyumba, na kwa adabu tu humjibu kama anavyomjibu mtoto. Nimeliona hilo likitokea zaidi ya mara moja, na si kosa la fundi.

3.0 Tembe na Njia ya Misafara

Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara Snay bin Amir. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton alizieleza nyumba za Waarabu wa Unyanyembe kuwa za chini moja tu, lakini kubwa, imara na zinazoweza kulindwa. Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe mwaka 1871, akaishi katika tembe ya Kwihara, na wakati wa vita kati ya Waarabu na Mirambo alitoboa matundu ya bunduki katika kuta zake. Alirudi hapo pamoja na David Livingstone mwezi Februari 1872, akaondoka Machi, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi Agosti. Nyumba hiyo, ambayo imekarabatiwa zaidi ya mara moja, ndiyo makumbusho ya sasa.

Kwa mwanafunzi, hatari ya historia hii ni kwamba inamfanya aone wageni peke yao. Tembe haikuletwa na Stanley wala na Livingstone, na wala haikuletwa yote na Waarabu. Nyumba bapa za udongo zimejengwa kwa muda mrefu na Wagogo, Wahehe na jamii nyingine za nyanda kavu za kati, na waliozijenga zile za Unyanyembe kwa mikono yao walikuwa watu wa hukohuko bara. Jina Kwikuru, lilipokuwa makao ya mtemi karibu na Tabora, linaonyesha kwamba palikuwa na mpangilio wa makazi ya utawala kabla mtu yeyote hajauandika. Mwanafunzi atanufaika pia kwa kusoma maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kama alivyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na makazi Tabora, na kitabu kile kinaonyesha mji huo ukiwa nyumbani kwa watu wenye ukoo, madeni na ugomvi, jambo ambalo vitabu vya wasafiri haviwezi kulionyesha kwa namna hiyo.

Muundo wenyewe ni huu. Vyumba virefu vyembamba hupangwa kuzunguka ua. Kuta ni za udongo, ama uliokandikwa juu ya miti na fito, ama wa matofali mabichi. Juu ya kuta na nguzo hulazwa boriti, juu ya boriti fito zilizosongamana, kisha nyasi au magome, kisha udongo uliotandazwa na kushindiliwa kwa mteremko mdogo ili maji yapate njia.

Udongo wa paa ni mzito kuliko wanafunzi wanavyokisia. Tabaka la sentimita 15 la udongo mkavu, kwa kukadiria kilo 1,600 kwa mita ya ujazo, lina kilo 240 katika kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 6 hubeba juu yake zaidi ya tani 4, kabla mvua haijanyesha. Bati halifiki hata kilo 5 kwa mita ya mraba. Hapo ndipo wembamba wa vyumba unapoelezeka: upana wa chumba ni urefu wa boriti inayoweza kuhimili mzigo huo, wala si uchache wa mahitaji ya wakazi. Pwani ni vivyo hivyo, ambako boriti za mikoko ziliamua upana wa vyumba vya mawe. Tabora haina mikoko. Ina misitu ya miyombo, na ina mninga. Mwanafunzi aulize kila boriti ni mti gani, kwa sababu jibu litamwambia pia kwa nini boriti moja imeliwa na mchwa na ya jirani yake imebaki nzima.

4.0 Maneno ya Nyumba

Katika sehemu hii sikusudii kutoa kamusi. Naeleza maneno machache ambayo nimeona yakiwakosesha wanafunzi, na namna ya kuuliza ili yasiwakoseshe.

Sakafu imekwisha kuelezwa. Ndugu yake ni dari. Kwa msomi wa leo dari ni kile kibao au ubao laini unaopigiliwa chini ya kenchi ili kuficha bati. Katika nyumba bapa, dari ni lile umbo zima la boriti na fito na kilicho juu yake, na neno hilo huweza kutumika kwa ghorofa ya juu pia. Paa, kwa upande mwingine, kwa baadhi ya wazee ni lile lenye mteremko na makuti au nyasi. Fundi mmoja alikataa katakata kuniambia tembe ina paa. Alisema ina dari; paa lilikuja na bati. Mwanafunzi akiandika katika mchoro wake “paa la udongo” hatakuwa amekosea kwa mujibu wa kamusi ya leo, lakini atakuwa amefuta tofauti ambayo fundi yule anaitumia kutambua umri wa nyumba.

Kizingiti ni neno la hatari kwa sababu lina sehemu mbili. Ni ubao wa chini wa mlango, na ni ubao wa juu pia. Mwanafunzi akiambiwa kizingiti kimeoza, aulize cha juu au cha chini kabla hajaandika. Wa juu ukioza ukuta unaweza kushuka; wa chini ukioza mtu hujikwaa. Mafundi vijana wameondoa utata huu kwa kuuita ule wa juu linta, lakini linta yao ni ya zege. Nguzo mbili za pembeni za fremu huitwa miimo, neno ambalo sijakutana na mwanafunzi wa usanifu aliyekuwa nalo.

Shubaka ni kishimo katika ukuta cha kuwekea taa au vitu vidogo. Ni dirisha dogo pia. Ni tundu la kutolea bunduki vilevile. Katika nyumba za Unyanyembe maana zote tatu zinawezekana, na haziwezi kutenganishwa kwa kutazama tu, kwa sababu tundu la bunduki la mwaka 1871 likizibwa upande wa nje hubaki kuwa kishimo cha taa upande wa ndani. Papasa upande wa pili wa ukuta. Kisha uliza. Yapo pia mashimo yaliyopangwa kwa mstari mmoja karibu na kichwa cha ukuta, ambayo si shubaka hata kidogo: ni makalio ya boriti za zamani. Nyumba yenye mashimo hayo chini ya bati ilikuwa tembe kabla haijaezekwa upya, na mwanafunzi anayeyaruka anapoteza ushahidi muhimu kuliko yote aliyoyaona siku hiyo.

Vitenzi ni muhimu kuliko nomino, na huwa vinasahauliwa. Kukandika ni kupaka udongo. Kupiga lipu ni kupaka saruji au chokaa. Kutomea ni kujaza nyufa na mashimo ya ukuta kwa vijiwe na udongo kabla ya kupaka. Nyumba ya udongo iliyopigwa lipu ya saruji huzuiwa kupumua, maji yakiingia nyuma ya lipu hayatoki, na ukuta huanza kumomonyoka kwa ndani huku uso wake ukiendelea kupendeza. Mwenye nyumba hatasema hayo kwa lugha ya maabara. Atasema ukuta “umekandikwa” mwaka fulani na “ukapigwa lipu” mwaka mwingine, na iwapo mwanafunzi ameandika vitenzi vyote viwili kuwa “kupaka”, historia ya ugonjwa wa ukuta imemponyoka.

Je, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, halijasanifisha istilahi za kutosha? Ninathamini kazi ya baraza hilo, na ya taasisi za Kiswahili katika vyuo vyetu. Lakini istilahi nyingi za kitaaluma huundwa kwa kutazama neno la Kiingereza na kulitafutia kifani. Njia hiyo haiwezi kutoa miimo wala kutomea, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Wanafunzi wa usanifu ndio wanaopanda juu ya dari. Wao, wakifundishwa kuandika, wanaweza kuleta maneno ambayo sisi wa isimu hatuyafikii. Pendekezo langu kwao ni la kawaida sana: kila mchoro wa mkato uwe na jina la Kiswahili la kila kipande kama lilivyotamkwa na aliyelitamka, pamoja na kumbukumbu ya kwamba alikuwa fundi, mwenye nyumba au mpita njia, na kwamba alionyesha kwa kidole wapi. Kidole kiandikwe. Kama mwanafunzi wa kisa cha mwanzo angeandika “sakafu (juu)”, pasingekuwa na kisa.

5.0 Barua, Mtaa na Baraza

Mwanafunzi wa chuo cha ndani hupewa barua ya utambulisho na kibali cha utafiti kupitia chuo chake. Barua hiyo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikateremka wilayani, ikafika katani na hatimaye kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ajipe siku mbili au tatu kwa mzunguko huo na asizihesabu kuwa siku zilizopotea. Mwenyekiti wa mtaa akimsindikiza hadi nyumba ya kwanza, nyumba ya pili humpokea bila barua. Kwa eneo la makumbusho la Kwihara ruhusa inahusu mamlaka za mambo ya kale, na iombwe kabla ya safari.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, inamgusa mwanafunzi kwa njia asiyoitarajia. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linahesabiwa kuwa la kale kwa tarehe yake tu. Milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 nazo zinalindwa. Kwa hiyo swali la “nyumba hii ilijengwa lini?”, ambalo kwa mwanafunzi ni la kujaza jedwali, kwa mwenye nyumba huweza kusikika kama utangulizi wa kunyang’anywa. Mara nyingi swali la mlango huwa zito zaidi. Milango iliyochongwa ina wanunuzi, na mgeni anayeipiga picha kwa karibu, akipima upana wa ubao kwa vidole, hufanana sana na mnunuzi. Shauri langu ni kwamba mlango upimwe mwisho, siku ambayo mwenyeji amekwisha kumzoea mgeni na kujua anachokifanya.

Kuhusu salamu na mazungumzo, sitawafundisha watu waliolelewa vizuri na wazazi wao. Nitaongeza tu jambo moja ambalo vitabu vya mbinu za utafiti havilitaji. Wanyamwezi wana utani na makabila kadhaa ambayo walikutana nayo katika safari za misafara, Wazaramo wakiwemo. Mwanafunzi wa Kizaramo aliyefika Tabora akiwa na hofu ya kukataliwa atajikuta anatukanwa barazani kwa furaha kubwa, anadaiwa chakula, na mlango umefunguliwa. Asikasirike, wala asinyamaze. Ajibu.

Ipo pia methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu. Huko jembe ni la kukandia udongo. Majira ya likizo ndefu za vyuo huangukia kiangazi, na mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba, ndipo watu wanapokarabati dari na kuta. Mwanafunzi atakayekanda udongo asubuhi moja pamoja na fundi atajifunza kuhusu uwiano wa mchanga, maji na nyasi mambo ambayo hakuna dodoso litakalompa.

6.0 Kupima Nyumba Isiyo na Pembe Mraba

Sehemu hii nimeiandika kwa kuelekezwa na wasanifu wenyewe, na ni fupi kwa kuwa vitabu vya upimaji vipo.

Tembe haina pembe mraba, na mwanafunzi asiilazimishe kuwa nazo kwenye kompyuta. Chumba cha mita 3 kwa 6 chenye pembe mraba kingekuwa na mshazari wa mita 6.71, kipimwe mishazari yote miwili, na tofauti kati yake ichorwe ilivyo. Vipimo vya ukuta mmoja vichukuliwe vyote kutoka nukta moja ya sifuri kwa futi ndefu iliyotandazwa, kwa maana ukipima vipande kumi na viwili na kila kimoja kikakosea kwa sentimita moja, mwisho wa ukuta unaweza kuhama sentimita kumi na mbili. Unene wa ukuta upimwe kwenye mlango, chini na juu, kwa sababu hupungua unapopanda. Kuhamisha usawa kutoka chumba hadi chumba, mpira wa maji wa fundi unatosha na hauhitaji betri. Wima upimwe kwa timazi.

Kisha vipimo vitazamwe tena kwa jicho jingine. Katika nyumba moja, upana wa vyumba vitatu ulikuwa mita 3.17, 3.24 na 3.21. Mwanafunzi aliandika wastani na kutaja “makosa ya ujenzi”. Nilimwomba amuulize fundi mzee chumba kina upana gani. Alijibu bila kutazama: mikono saba. Mkono, au dhiraa, ni kutoka kisukusuku hadi ncha ya kidole, kiasi cha sentimita 46. Shibiri mbili hufanya mkono, na mikono minne hufanya pima. Mikono saba ni mita 3.22. Vyumba vile havikuwa na makosa. Vilikuwa na kipimo kimoja, kilichochukuliwa kwa mikono ya watu tofauti. Msimamizi aliyeisoma kazi hiyo baadaye alitaka kujua ni kanuni gani ya Kiingereza inayolingana na hiyo. Naamini swali hilo lilikuwa la nia njema.

Fungu la mafunzo kwa vitendo ni dogo, na Tabora iko takriban kilomita 840 kutoka Dar es Salaam kwa reli. Wanafunzi wasafiri wawili wawili. Mmoja ashike futi na mwingine aandike, na anayeandika arudie kwa sauti kila tarakimu. Mwenye kwenda peke yake huajiri kijana wa mtaa, jambo ambalo ni jema, mradi malipo yake yajulikane asubuhi na si jioni.

7.0 Nakala ya Mwenye Nyumba

Katika nyumba nne nilizopokewa nikiwa mkalimani, wenyeji watatu waliniuliza swali lilelile: wale waliokuja kabla yenu walipeleka wapi picha zetu? Sikuwa na jibu. Katika nyumba ya nne hatukuulizwa, kwa sababu tulikataliwa kuingia, na mwenyeji alitoa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo napendekeza kwa idara zinazotoa shahada hii kwamba sharti la kukabidhi kazi ya upimaji liwe nakala tatu na si mbili: ya maktaba, ya msimamizi, na ya mwenye nyumba. Hiyo ya tatu ichapwe kwa karatasi ngumu, kwa skeli inayosomeka bila miwani ya msanifu, na maneno yote yawe ya Kiswahili alichokitumia mwenyewe. Ipelekwe na mwanafunzi, au itumwe kwa basi kwa jina la mwenyekiti wa mtaa. Gharama yake ni ndogo kuliko wino wa bango moja la studio.

Mwanafunzi wa kisa cha kwanza alifanya hivyo. Bibi aliutazama mchoro wa mkato kwa muda, akafuata kwa kucha mstari wa boriti kutoka ukuta hadi ukuta, akasoma neno lililoandikwa juu yake. Kisha akamwambia kwamba upande wa jikoni umekosewa: pale boriti zilibadilishwa baada ya mume wake kufariki, na ziko tisa, si kumi na moja. Walipanda kuhesabu. Zilikuwa tisa.